Nyuma ya Kanisa, Kando ya Jenereta

Katuba, Lubumbashi
Jumatano

Kwa Yaya Bwalya, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu wewe, shemeji na watoto wote huko Pweto. Mguu wako umepona? Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu, ila mimi silali vizuri. Samaki wakavu uliotutumia walifika. Simone aliwapika tukala na bukari, ingawa anasema ugonjwa wangu hauponi kwa samaki.

Unajua kazi yangu kanisani. Tangu jengo halijaezekwa, mimi ndiye papa wa groupe, jenereta yetu: naijaza esansi, navuta kamba, kisha nakaa nayo nyuma ya kanisa ibada nzima, maana wezi hawachagui siku, na kwaya ikipandisha sauti jenereta ile huanza kukohoa. Ikizimika, pasta mwenyewe alikuwa akitoka mlangoni kuniita: Papa Élie, tusaidie. Nilipenda kuitwa hivyo. Sitakuficha.

Ndipo akaja Godefroid, mtu wa Ruashi anayeuza paneli za jua mjini. Mgeni kabisa kwetu. Alisimama mbele ya waumini akasema sadaka zetu zinaishia kuwa moshi. Tuweke taa zinazokula umeme kidogo, tupunguze spika, na jua litatosha, hatutanunua esansi tena. Walipiga makofi. Mama Émerance, ambaye miaka yote analalamika kwamba moshi wangu unamkohoza, alikuwa wa mwisho kuacha. Na Simone, mke wangu wa ndoa, alirudi nyumbani akisifu akili za yule papa. Nilisukuma sahani.

Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi mwenyeji niliugua. Wiki zote walizokuwa wakifunga paneli niliona wivu: juu ya viatu vyake visivyo na doa, juu ya pasta kumshika bega. Hata jua nililionea wivu, Yaya, kwa kufanya kazi yangu bila kudai chochote.

Sasa nikuambie jambo ambalo pasta hajui. Jumamosi iliyopita, watu walipoondoka, niliingia kwenye chumba cha betri, maana funguo bado ninazo, nikalegeza waya. Sikuukata. Niliulegeza tu, ushike kidogo kisha uachie. Jumapili, siku ya kwanza ya paneli, nilijaza groupe nikakaa nyuma ya kanisa, mkono kwenye kamba. Kwaya ilipoanza tu, spika zikafa. Nikangoja kuitwa.

Hakuna aliyekuja. Kisha nikasikia sauti ya mwanamke mmoja, bila mikrofoni, na wengine wakaifuata polepole. Nilisahau kamba. Nilisogea dirishani nijue ni nani, nikamwona Simone kwenye safu ya kwaya. Nyumbani huimba chinichini akisonga bukari, kama kila mama. Miaka yote ya ndoa yetu kanisa zima limemsikia, Mama Émerance amemsikia, na mimi mume wake nilikuwa nikisikia injini. Nililia pale ukutani. Wivu ule haukuwa tena juu ya Godefroid.

Jana kamati iliamua. Wanasema paneli ni mbovu, Godefroid azing'oe, na Jumapili ijayo Papa Élie arudi na groupe yake. Godefroid aliinamisha kichwa, akaahidi kurudisha pesa za kanisa. Nilichokitaka nimekipata, na nimeshindwa kukimeza.

Leo asubuhi nimemwambia Simone yote. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, miaka yote hii nilidhani anaenda kwaya kufanya nini. Nilimwomba anisemee kwa pasta, akakataa: "Mi sitasema pa fasi yako. Utasema weye mwenyewe, mbele ya bantu bote." Basi Jumapili nitasimama, Godefroid akiwapo, niseme mkono ulikuwa wangu. Funguo watanipokonya, na huenda wakanitenga na ibada kwa muda. Wakinitoa nje nitakaa palepale nyuma, safari hii bila injini. Niombee nisigeuke njiani.

Msalimie shemeji, na wanangu wote uwashike vichwa kwa niaba yangu. Simone anawasalimu sana. Nimembembeleza aniimbie hapa nyumbani, hata ubeti mmoja, amekataa. Anasema nikamsikilize pamoja na wengine.

Ni mimi mdogo wako,
Élie