Nilivyowalinganisha wakwe zangu

Shoga, uko hapo? Nimejifungia chumbani.

Unakumbuka kazi ya Kiingereza ya mjukuu wangu, ya kulinganisha watu watatu kwa sifa moja? Alikwama. Mimi na mdomo wangu huu nikamwambia, "Chukua wake wa wanangu. Mkubwa mvivu, wa pili mvivu zaidi, mama yako mvivu kuliko wote." Nilikuwa natania! Tulicheka mpaka maharage yakaungua.

Leo wakwe zangu wote watatu wako mezani, mtoto kapanda juu ya kiti, anausoma ule uvivu kwa Kiingereza. Lezi. Lezia. Leziesti. Na kidole anamwelekezea kila mmoja!

Kidole, shoga!

Mama yake akauliza, "Nani kakufundisha?"

"Bibi."

Hata hakumung'unya maneno. "Bibi."

Na mimi naishi kwa huyo huyo leziesti. Akinichoka nitakwenda wapi?

Nasikia vyombo vinagongwagongwa jikoni.

Anakuja. Anabisha hodi. Ngoja.

Nimerudi. Kajitupa kitandani kwangu, kavua viatu, kasema, "Mama, mvivu kuliko wote anapumzika. Vyombo vinakusubiri."

Alikuwa anacheka, shoga. Naenda kuosha.