Tangawizi Iliyotoka Manjano

Asembo Bay

Mke wangu Mama Nakijwa,

Pokea salamu kutoka huku ziwani. Goti lako je? Mvua imeshuka huko Upareni? Mimi mzima, mwili tu. Naandika kwa mkono wangu, hata kama herufi zinapinda, maana sikutaka binti yetu Nakijwa aandike haya.

Siku naondoka ulinifungia tangawizi ya mbegu kwenye kanga, nikaitoa mkobani nikaiacha. Nikasema mimi tangawizi naijua hata gizani, kwa pua.

Basi hapa kwa Nakijwa, kina mama wakaanga samaki hununua tangawizi mjini. Nikawaambia nitawalimia hapahapa. Wakanipa shamba, matuta wakapiga wenyewe. Nikanunua gunia la mbegu sokoni Mamboleo. Nilinusa mbele ya watu, nikatikisa kichwa kama bwana shamba. Mama Nakijwa, sikusikia harufu yoyote. Pua yangu imekufa tangu mwaka jana, nilikuficha. Na sikuvunja hata kipande kimoja nione ndani.

Ikaota. Mkubwa wao, Mama Akinyi, akaniambia kwao alikozaliwa tangawizi ina majani membamba kama nyasi, mbona haya mapana? Nikamjibu udongo wa ziwa una mafuta, hata majani yananenepa, na mimi nililima kabla hajazaliwa. Wakarudi kupalilia kwa heshima. Miezi minane wanabeba maji kwa ndoo.

Juzi tukachimba. Mama Akinyi akavunja kipande, vidole vikageuka rangi. Manjano, yale ya kutia rangi mchuzi. Hakunitukana. Alisema tu, "Mzee, sasa samaki wetu atavaa nguo ya harusi." Wakacheka, nami nikacheka. Kisha nikaenda nikakaa nyuma ya choo. Mkono wangu bado ni wa njano, sabuni haitoi. Nikisalimiwa nauficha.

Wameniachia shamba tena. Hilo ndilo linaloniuma.

Wewe unajua tangawizi haina punje ya kuokota. Tangu ilipotoka kwa Wahindi, ni mtu kumkatia mwenzake. Nikatie, mama. Vipande vyenye macho mawili. Vunja kimoja kimoja, unuse wewe.

Nisalimie shemeji Elieza mlinda mfereji, na dada yangu Namkunda. Yeye mwambie manjano nilipanda makusudi.

Ifunge kwenye kanga ileile. Safari hii sitaitoa.

Mumeo,
Baba Nakijwa