Unga Uliomwagika Kibara

Mjukuu wangu Nyangeta,

Huku Murangi tu wazima, na goti la babu yako limepoa. Sukari uliyotuma imefika, ingawa mfuko ulikuwa umefunguliwa, na yule kondakta wa basi simwamini.

Unaniuliza kwa nini ukitoka kutembelea kaya maskini unarudi ofisini unakosea ripoti, mpaka bosi anadhani una mambo yako. Hata mimi nilikushuku, nikadhani ni mchumba. Halafu nikakumbuka Kibara.

Nilikuwaga msichana, nafanya kazi kwenye mashine ya kusaga huko Kibara. Mwenzangu Masatu alikuwa anakinga magunia. Tajiri wetu akaona unga wa wateja unamwagika, akaninong'oneza, "Huyu ana njama. Mchunguze."

Nikamchunguza. Mkono wake ulikuwa mtulivu mpaka aje mama mmoja na ufagio, mtoto mgongoni. Hakuomba kitu. Alisimama tu mlangoni, akingoja kufagia unga wa chini akapike. Hapo ndipo gunia la Masatu lilipokosa mdomo wa mashine.

"Watakuwa ndugu," tajiri alisema. Akampeleka Masatu kupakia mizigo, magunia nikakinga mimi.

Kesho yake yule mama akaja, akasimama palepale. Nikakaza macho kwenye gunia, lakini unga ukamwagika mpaka miguuni pangu.

Tajiri akaniangalia sana. "Kumbe na wewe ni ndugu yake?"

Bosi wako akiuliza tena, usijitetee. Mwombe mwende wote kwenye kaya hizo, halafu ripoti ya siku hiyo aandike yeye.

Ni mimi bibi yako. Huyo mchumba, kama yupo, msalimie.