Hesabu za Handaki

Masumbwe,
Alhamisi jioni.

Mayu, mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti limepunguza kero sasa mvua zimekatika. Shangazi Rhoda hajambo? Na pamba ya mwaka huu huko Kishapu imekubali? Mimi ni mzima wa afya. Anayekukabidhi barua hii ni Doto. Mpe chakula, kisha vaa miwani yako usome, na asiondoke kabla hujafika mwisho.

Naanza na habari ya kazi yangu, maana Shangazi ameniambia bado unafunga kila Ijumaa kwa ajili yangu. Kosa ni la neno. Nilikwambia natunza mahandaki ya mgodi, ukalia, ukanikumbusha kuwa baba alifukiwa kwenye duara, lile shimo la dhahabu, na kwamba mimi na pacha wangu Doto tulikuapia kutoshuka chini ya ardhi. Nilipotaka kueleza ulikuwa umeshakata simu ukaenda kuchukua rozari. Mayu, handaki langu halina udongo. Nakaa ofisini kwenye kiyoyozi, navaa sweta.

Iko hivi. Ukimtumia mtu michembe ya viazi, unaifunga kwenye mfuko wenye jina lake, na kondakta wa basi anautumbukiza mfuko kwenye gunia lililoandikwa Kahama. Njiani hakuna anayesoma jina la mfuko, wanasoma la gunia tu. Mawasiliano ya mgodi tunayasafirisha vivyo hivyo, na safari ya gunia ndiyo tunayoiita handaki. Kila mwisho wa handaki kuna chombo kiitwacho swichi, nacho huhesabu magunia yanayoingia na yanayotoka. Programu ndogo hupita mara kwa mara kuchukua hesabu hizo na kuzitunza, kwa sababu handaki likikatika na kujengwa upya, swichi husahau yote na kuanza sifuri. Mimi nahakikisha hesabu hazipotei. Wenzangu huiona kazi ya kuchosha, lakini mimi inanifaa.

Wiki iliyopita mwamba uliporomoka mgodini. Wachimbaji sita wakakimbilia chumba cha kujihifadhi, ambamo mna simu inayopitia handaki langu. Simu ikawa haileti sauti. Sostenes, mkuu wa waokoaji, akaja kuniuliza kama kuna dalili ya mtu kujaribu kupiga. Alisema wakiwa hai atawafuata moja kwa moja, hatari au si hatari, lakini kama kumekwisha hawezi kuwapeleka vijana wake chini ya mwamba ambao bado unadondoka. Nikatazama kioo cha kompyuta. Hesabu ilikuwa imesimama, nikamwambia hivyo. Akavua kofia akakaa.

Hapo nikashtuka. Kioo hichohicho kilisema handaki liko wazi, na handaki lililo wazi halitulii kabisa, maana swichi zenyewe husalimiana kila baada ya muda mfupi. Nikaiacha programu, nikaiuliza swichi yenyewe. Kumbe mwamba ulikata waya, handaki likajijenga upya kwa njia nyingine, na hesabu ikaanza sifuri. Programu ilipoona namba ndogo kuliko ile ya mwanzo, ikadhani ni kosa, ikaitupa na kuendelea kuonyesha ya zamani. Namba ya kweli ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa inapanda. Ilipanda kwa vishindo, ikatulia, ikapanda tena, kama mtu anayebonyeza simu, anasubiri, anabonyeza. Salamu za swichi hazina papara ile.

Nikamwambia Sostenes kuna mtu. Aliondoka mbio, kofia akaiacha mezani kwangu. Wao wakichimba, sisi tukahangaika na simu mpaka sauti ikapatikana, tukawaomba walio chini wataje majina. Wa mwisho alitaja lake, kisha akauliza kama Kulwa yuko karibu. Akasema kama yupo, tafadhali asimwambie mama.

Mayu, nililia mbele za watu, mimi unayesema nilizaliwa na macho makavu.

Duka la vipuri la Nyahanga, ambako unadhani Doto bado anauza, lilishafungwa tangu masika. Alikuja huku akaajiriwa na mkandarasi wa mgodi, akawa ananikwepa hata getini. Wote sita walitoka hai. Huo mkono wa kushoto aliofunga bendeji atakwambia ni pikipiki. Si pikipiki. Hajui nilichoandika humu. Nilimwambia ni habari za kazi yangu, na ndizo.

Usidhani Ijumaa zako zilipotea. Gunia uliliandika jina langu, lakini naona mfuko wa ndani ulikuwa wa Doto, na ulifika.

Ila Jumatatu anataka kurudi chini. Nimemsihi, nimemgombeza, ananicheka. Mimi naweza kujua tu kwamba mtu yuko huko, kumzuia siwezi. Wewe unaweza, Mayu, na yuko hapo mbele yako anakula. Msalimie Shangazi na majirani wote. Ukimaliza kusoma, kunja barua, kamshike ule mkono.

Ni mimi mwanao wa kwenye kiyoyozi,
Kulwa.