Bastola ya Mkono wa Kushoto

Etterbeek, Bruxelles
Jumapili, tarehe 14 Novemba 2010

Mpendwa Mama mkubwa Thérèse,

Nakusalimu kwa mikono miwili, kama ulivyonifundisha, na goti limeinama kidogo ingawa huwezi kuliona kutoka Lubumbashi. U hali gani? Magoti ya babu yetu, kambo Nday, yanaendeleaje, sasa mvua zimeanza huko? Na kikohozi cha mjomba wangu, tonton Kabamba? Kila Jumapili tunawataja wote watatu kwa majina kanisani, na leo tumewataja mara mbili kwa sababu Ngoy alisahau kwamba mimi nimeshamaliza.

Sisi tu wazima. Baridi imeingia, na mama amenitolea koti lake la zamani, ambalo mikono yake ni mirefu kuliko yangu. Yeye bado yuko hospitali kule Jette, zamu za asubuhi. Papa bado analinda milango ya ofisi karibu na kituo cha Schuman. Ngoy ametimiza miaka kumi na anadai sasa yeye ni kijana, lakini bado hawezi kufunga kamba za viatu vyake bila kuitwa mara tatu.

Shuleni ninaendelea vizuri. Mwalimu wetu wa Kifaransa aliinua daftari langu mbele ya darasa na kuuliza nani alinifundisha kuandika herufi nzuri hivi. Nilisema ni wewe. Kumbuka jambo hilo, Mama mkubwa, kwa sababu chini nitalirudia.

Sasa nifike kwenye habari yenyewe. Tafadhali kaa kwanza. Tangu mwezi wa tisa ninajifunza kulenga shabaha kwa bastola. Usimwite tonton Kabamba bado, soma kwanza mpaka mwisho.

Ni mchezo, kama mpira au kukimbia. Bastola yenyewe inasukuma kirisasi kidogo kwa nguvu ya hewa, nacho kinatoboa karatasi iliyo umbali wa mita kumi. Mlio wake ni kama wa chupa ya limonadi inapofunguliwa. Bastola hazitoki klabuni. Zinalala ndani ya kasha la chuma, na ufunguo anao mwalimu peke yake. Ukigeuza mtutu upande mwingine wowote isipokuwa kwenye karatasi, hata kwa bahati mbaya, unarudishwa nyumbani siku hiyo hiyo.

Nilifikaje huko? Shule ilivialika vilabu vya michezo vya mtaa. Rafiki yangu Emmanuella, ambaye wazazi wake ni watu wa Likasi, alitaka basketi, lakini foleni ilizunguka uwanja mzima. Kwenye meza ya kulenga shabaha kulikuwa na mzee mmoja tu, peke yake, na karatasi zake zimepangwa vizuri. Emmanuella akanivuta: “Sephora, twende tumusalimie ule papa. Anakaa kama muntu bus imemuacha.”

Basi tulienda kwa huruma. Emmanuella alisalimia akaondoka. Mimi nilibaki. Mzee huyo anaitwa Monsieur Jérôme, naye ndiye mwalimu. Aliniambia kwamba mchezo huu hautaki nguvu. Unataka mtu anayeweza kusimama kimya. Mama mkubwa, wewe unajua nilivyosimamishwa kimya kila asubuhi kwenye mstari wa darasa lako.

Papa alipopata habari alicheka mpaka akakaa chini. “Donc mimi gardien miaka saba, niko na torche na funguo tu, na binti yangu yeye iko na bastola? Bon! Kesho wewe uende kazi, mimi nitabaki hapa kufanya devoirs zako za masomo.” Mama hakucheka. Alikuja klabuni na sare yake ya kazi, akakagua mlango, kasha la chuma, hata choo, akamuuliza Monsieur Jérôme maswali nusu saa nzima. Mwishoni alisema tu, “Apa ni safi,” nami nikajua amekubali.

Sasa tatizo. Anayeanza lazima achague bastola atakayoizoea, na mimi nilichagua vibaya mara tatu. Ya kwanza niliipenda kwa sababu mpini wake ulikuwa wa buluu, kama sare zetu za kwaya. Ya pili niliichukua kwa sababu Ngoy alisema bastola nzito ndiyo ya watu wazima, na baada ya dakika kumi mkono wangu ulitetemeka kama wa mtu mwenye malaria. Ya tatu ilikuwa nyepesi, ila mpini uliacha nafasi ya kupitisha kidole kati yake na kiganja changu. Monsieur Jérôme alinifundisha: fumba macho, ishike, inyooshe, kisha fumbua. Ikiwa inatazama karatasi yenyewe bila wewe kuirekebisha, hiyo imekukubali. Rangi usiiulize. Kwangu, zote tatu zilikuwa zinatazama ukuta.

Jumamosi sita nilijaribu. Risasi kumi zinaweza kuleta alama mia moja; mimi sikuvuka sitini na moja. Nilidhani kosa ni la bastola, kisha nikadhani ni la macho, kisha nikadhani ni langu mimi.

Jumamosi ya saba, wakati wa mapumziko, Monsieur Jérôme alikuwa anagawa machungwa madogo ya msimu huu. Alinirushia moja bila kuniambia. Nililidaka. Akaniangalia, akanirushia la pili. Nikalidaka nalo. Akasema polepole: “Mademoiselle, unadaka kwa mkono wa kushoto.”

Mama mkubwa, niliona aibu mbele ya watu kana kwamba nimemsalimia kambo kwa mkono huo.

Alinipima jicho pia. Unaunganisha viganja na kuacha tundu dogo, unatazama taa kupitia hapo, kisha unafumba jicho moja moja. Nilipofumba la kulia, taa ilibaki. Nilipofumba la kushoto, taa ilitoweka. Jicho langu linalolenga ni la kushoto. Aliuliza kwa nini basi nilikuwa ninashika kwa kulia. Nikamjibu kweli tupu: kwa sababu kwetu ndiyo adabu.

Bado ninakumbuka, Mama mkubwa. Nilikuwa na miaka mitano, papa na mama wameshatangulia huku, nami nilibaki kwako Katuba. Kambo alikataa kikombe cha chai nilichompa kwa kushoto. Alirudisha mkono wake, na chai ikapoa. Hukunipiga. Ulinifunga utepe wa njano kwenye mkono wa kulia, ukasema, “Uyu njo mukono ya kupana,” yaani wa kumpa mtu kitu. Kila nilipokosea ulinyoosha kidole kwenye utepe tu. Sikumbuki kutoa machozi hata siku moja. Utepe huo ninao, uko ndani ya Biblia yangu, na herufi hizi nzuri zimetoka kwake. Ndiyo maana sikutaka kuwa mtoto aliyefika Ulaya akaanza kutupa aliyofundishwa nyumbani.

Klabuni kuna mwanamke mmoja mzee anayetumia kushoto. Siku hiyo alikubali nijaribu bastola yake. Nilifanya kama ulivyonilea: nikanyoosha mikono yote miwili na kuinama kidogo ili niipokee. Kila mtu akapiga kelele, “Non, non!” Huko hakuna kupokezana mkononi kamwe. Mwenye bastola anaiweka mezani ikiwa tupu, anarudi nyuma hatua mbili, ndipo mwenzake anaichukua. Nilisimama pale nimeinama, mikono hewani, naye yule mama akacheka na kuinama pia, basi tukawa tunasalimiana na meza iko katikati.

Niliichukua kwa kushoto. Nikafumba macho, nikainyoosha, nikafumbua. Ilikuwa inatazama karatasi. Risasi kumi, alama sabini na tisa. Monsieur Jérôme alimenya chungwa lake la mwisho, akanipa lote.

Sasa hivi ndivyo mambo yalivyo. Klabu inanunua bastola mbili kwa ajili ya vijana wanaoanza, na moja itakuwa yangu ya kujifunzia mpaka nitakapofikisha miaka kumi na minane. Mpini unachongwa kwa mkono wa kulia au wa kushoto, na ukishaagizwa haubadilishwi. Karatasi ya kuagiza inaondoka Jumamosi tarehe 4 Desemba, na lazima mzazi aweke sahihi. Papa ameishika karatasi hiyo, lakini hajaijaza. Alisema, “Ule mukono, yaya Thérèse, dada yetu mukubwa, njo aliufundisha. Miye siwezi kumupita. Umuandikie kwanza.” Mama akaitikia kwa kichwa.

Kwa hiyo ninakuomba wewe, na kupitia kwako ninamwomba kambo Nday. Nimefikiri sana juu yake. Kule klabuni mkono wangu wa kushoto haumpi mtu kitu, wala haupokei kitu kwa mtu. Kuna meza, na kuna karatasi mbali mita kumi. Na mkono wa kulia, wakati huo, kanuni inautaka ukae mfukoni. Najua nalo hilo mbele ya wakubwa si zuri, ila nitahakikisha hakuna mkubwa anayenitazama isipokuwa Monsieur Jérôme, na yeye mwenyewe wake uko mfukoni.

Ukisema hapana, nitaagiza mpini wa kulia, nitaziba jicho la kushoto kwa kipande cha karatasi, na nitaendelea bila kununa. Naahidi. Ukisema ndiyo, nitaendelea kusalimia, kula, kuandika na kupana kwa kulia, kama siku zote.

Mama Mignonne wa kwaya yetu anasafiri Alhamisi, atakuletea barua hii mkononi, pamoja na chokoleti za kambo na dawa ya kusugua magoti. Ndani ya bahasha nimeweka karatasi yenyewe ya alama sabini na tisa. Iinue mbele ya dirisha uone mwanga unavyopita kwenye matundu. Mama atakupigia simu Jumapili tarehe 28, baada ya Misa. Nitakuwa karibu naye, kimya, kama kwenye mstari wako.

Unisalimie kambo Nday, tonton Kabamba, na wanafunzi wako wote, hasa yule mwenye mkono wa kushoto, kwa maana najua kila mwaka huwa yuko mmoja. Mungu ailinde nyumba yenu na mvua, na awape usingizi mzuri.

Mistari hii ya mwisho, Mama mkubwa, nimeiandika kwa mkono ule mwingine, kwa mara ya kwanza tangu siku ya utepe. Imepinda na imenichukua muda mrefu. Nilitaka mkono huo uuone kwanza wewe, kabla ya mtu mwingine yeyote.

Mtoto wako, akupendaye kwa mikono yote miwili,

Sephora Mwenze