Mama, Milanzi Yako Inagemwa Yote

Mama, kamwene.

Mjukuu wako Neema ameingia sasa hivi na kumwaga mapajani mwangu ncha za milanzi, mianzi yako ya pombe ya ulanzi, mbichi, bado zinatoa maji. Anacheka, anadhani ameniletea zawadi. Nimezihesabu: kumi na moja. Nikatoka kwenda kuangalia kile kichaka chako kilichobaki, na kweli, machipukizi yote yamekatwa, kila moja limefungiwa mbeta yake, kile kipande cha mwanzi cha kukingia ulanzi.

Wewe hukugema yote hata siku moja. Unakumbuka nilivyokuwa nakusumbua, mama tuongeze hata moja, watu wa Njombe wanasubiri? Ulinipiga kikofi mkononi ukasema, "Haya matatu yaache yakue. Ukiyanywa yote, mwakani utagema nini, majani?" Watu walikusema kwamba kugema ni kazi ya wanaume, nawe ukapita katikati yao na kisu chako kiunoni.

Tangu tukuzike, anayegema ni Baba Mdogo. Kila jioni anamletea Neema mtogwa, ule mtamu ambao haujachacha, na kuniambia nipumzike, shamba nimwachie yeye. Nilimshukuru sana. Halafu vichaka viwili vikakauka mikononi mwake, akasema ni wadudu. Wadudu gani hao wasiogusa vya jirani? Juzi nimemwona anapiga hatua pale, midomo inacheza, kama mtu anayepima mashimo ya parachichi. Nyuma ya jiko lake kuna miche kwenye viriba, ameifunika turubai. Labda namsingizia, mama. Lakini akiing'oa milanzi ya marehemu, ukoo utamuuliza. Ikifa yenyewe, nani atauliza?

Hapo kichakani nimeona chipukizi la kumi na mbili, limechelewa, halijafika hata urefu wa kiganja. Nimelifunika majani makavu. Makambako siku hizi wanatafuta tena mianzi ya kusukia matenga ya nyanya, na ulanzi hautoshi sokoni. Hili likikomaa, nitachimba kipande cha shina lake nipande kule bondeni, kidogo kidogo, mpaka pajae kama ulivyopaacha.

Baba Mdogo ananiita toka kichakani. "Mama Neema, njoo huku. Kuna chipukizi limefunikwa, kalifunika nani?"

Basi mama, nakwenda kumwambia ni mimi, na kwamba hili haligemwi, si na yeye wala na mimi.