Mpini Anao Maganga

Kaka Rama,

Siku uliyozikwa nililia mpaka shangazi wakanishika mikono na kunimwagia maji usoni, na kila aliyekuwa uani akasema masikini Zena, jinsi alivyompenda kaka yake. Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Saa ile sikuwa nakulilia wewe. Nilikuwa nalia kwa wivu. Maganga alikuwa ameshika upanga wetu.

Unajua utani wetu Wazaramo na Wanyamwezi. Ulianza tangu wazee wetu walipopanda huku kwa Wanyamwezi na misafara wakachoka wakabaki, kama Maganga anavyopenda kutukumbusha, na Mama humjibu kwamba waliobeba mizigo ni babu zake yeye. Basi siku ile mtani wako alifanya kazi yake. Jeneza bado lilikuwa sebuleni. Akatoka chumbani kwako amevaa masweta yako mawili, la kijivu juu ya lile la kijani, jua linawaka, mabega ameyakunja kama wewe mwezi wa sita, upanga mkononi. Akasema kwa ile sauti yako ya puani, "Nyie Wazaramo, mnanitoa nje asubuhi yote hii, hamjui kuna baridi?"

Watu wakacheka. Mama akacheka, Kaka, Mama ambaye tangu jana yake hakumeza hata uji. Halafu wanaume wakakubeba na Maganga akatoka nao, upanga begani. Hakuna aliyemwuliza. Mtani akichukua kitu msibani haulizwi. Yeye, Mkristo Mmoraviani wa Ipole, akafika na wewe mpaka kaburini. Mimi, dada yako, niliishia nyuma ya pazia.

Nimeandika "upanga wetu" na nikasita. Wetu nani?

Mwanzo ulikuwa wangu na wako. Uliukuta sokoni umening'inia pamoja na bastola za maji, upanga wa plastiki wa kuchezea, wa kuvuta urefuke, una balbu moja nyekundu kwenye shina, mwanga haufiki hata katikati. Likizo ile ugonjwa wako wa selimundu ulikuwa umekuzuia kila kitu, mpira, baiskeli, hata kukaa barazani jioni. Ukauweka kitandani ukasema, "Zena, tuufungue." Hakuna neno lako nililolipenda kuliko hilo. Nikaitoa ile balbu, nikalehemu mkanda wa taa ndogondogo na betri ya pawabenki yako iliyokuwa inakata roho. Bomba tulilipata kwenye taa ndefu ya sebuleni iliyoungua, lile kava lake jeupe. Wewe ulikata, mimi nilishika; kwenye kulehemu ukashika koleo wewe. Tulipouwasha ukaangaza mpaka ncha, na ule mlio wake wa nyuki mgonjwa tukauacha, maana ulikuchekesha.

Halafu mpini wa plastiki ukapasuka na ukamwita Maganga.

Alichonga mpini wa mninga, akautoboa katikati kwa nondo ya moto, akaleta kutoka kwao bonge la nta limefungwa kwenye jani. Akaupaka nje na ndani. Chumba kizima kikanukia asali. Uliuweka puani kama mtu anayenusa kichwa cha mtoto mchanga. Mimi mkono wangu ulikuwa unanukia nini? Risasi ya kulehemea iliyoungua. Nilikuwa nimechagua taa za bluu, wewe ukakubali, lakini ulipouona ule mpini ukabadilisha ukataka za njano, ziwe rangi ya asali. Nikazibadilisha. Ukamwambia Maganga, "Zena fundi wa ndani, wewe fundi wa nje." Mkacheka. Mimi nilitabasamu, na unajua ninavyotabasamu nisipotaka.

Nilikwambia nta ya ndani itayeyuka, joto linataka matundu. Nilisema kwa sauti ndogo, ndivyo ninavyosema kila kitu, na Maganga alikuwa anaimba. Betri ikapata moto, nta ikayeyuka ikaingia kwenye swichi, na upanga ukazimika ukiwa katikati ya kumtisha paka. Nta ikakutiririkia mpaka kwenye kiwiko. Ukasema, "Hata upanga unatoa jasho, mimi tu ndiye nasikia baridi."

Nikatoa vya ndani vyote nivisafishe, nikaviweka kwenye kopo la maziwa ya unga. Wiki hiyohiyo maumivu yakakuchukua, ukapelekwa hospitali, na hukurudi kitandani kwako.

Kwa hiyo siku ya msiba Maganga alikuwa anapunga mpini na bomba tupu. Mchana kweupe, nani angejua? Nilijua mimi. Na yeye lazima alijua, upanga ulikuwa mwepesi kama ufagio.

Unataka habari za nyumbani. Nguo zako Mama amegawa, kasoro yale masweta aliyoondoka nayo mtani wako. Kitanda kipo. Paka analala upande wako wa miguu. Shuleni mwalimu alitupa insha ya Kiingereza kuhusu hisia, nikaandika juu ya wivu, nikapata alama nzuri, na nilipoisoma tena niliona ni ya mtu mwingine kabisa. Kwa Kiingereza wivu wangu una sarufi safi. Kwa Kiswahili unanikaa hapa chini ya mbavu.

Maganga anakuja kila Jumapili akitoka kanisani, kwa miguu, maana anakaa kwa shangazi yake Ipuli. Anakaa kwenye kiti chako. Mama anamwekea maharage ya nazi yale uliyokuwa unayagombania, na juzi alimwita mwanangu. Anamwuliza Mama Wazaramo wa siku hizi mnapika na nani, mbona leo chumvi imekumbukwa, na Mama anacheka mpaka anashika ukuta. Mimi nampa chai, nasema karibu, narudi chumbani. Akiondoka, Mama anakuja kukaa kitandani kwangu, analia. Kicheko anapewa yeye, machozi naletewa mimi. Ningekuwa mtu mwema ningefurahi kwamba Mama anacheka popote pale. Sijawa huyo mtu.

Kingine, Kaka. Nimezing'oa taa za njano. Nilizisafisha nta yote kwa pamba na spiriti, zikawaka vizuri, nikazitazama, nikazing'oa. Nimelehemu zile za bluu. Nilijiambia nta iliziharibu, lakini sasa hivi nimeandika mwenyewe kwamba ziliwaka. Niliwaza Maganga akiuleta mpini siku moja nitautia vya kwangu, uwe wa bluu, na asali yake ibaki huko Ipole. Ninaye wa kumshinda mmoja tu na ndiye anayemchekesha Mama. Ningekueleza hili kwa sauti ungeniita mchawi. Kisha ungecheka, na hicho kicheko ndicho ninachokitafuta kwenye hili kopo.

Nimeacha kidogo kuandika. Maganga yupo nje.

Kesho tunakusomea arobaini na nilidhani amekuja kufunga turubai. Nimemsikia akisema shikamoo, na Mama akamjibu marahaba mwizi wa misibani, leo unatuibia nini. Yeye akasema leo anarudisha. Akasema angeuacha upanga siku ile ungeondoka na mtoto wa mjomba wa Dar, maana alikuwa ameshaanza kuulilia na mjomba ameshamkubalia. "Ndiyo nikaukwapua, mama. Mtani hanyang'anywi." Kisha akasema amekwangua nta yote ya ndani na kutoboa matundu ya kupitisha joto, kama fundi alivyotaka. Ya nje ameiacha kidogo kwa sababu uliipenda. Halafu akauliza, "Fundi yupo?"

Fundi. Hakusema wa ndani. Na ile sauti yangu ndogo, kumbe aliisikia huku anaimba.

Usidhani wivu umeniisha. Umezidi. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nikimchukia, na yeye alikuwa anakutunzia kitu mbele ya watu wote, kwa kuchekesha. Hata katika kukutunza amenitangulia. Lakini ameuleta mpini kwangu. Hakuupeleka kwa fundi wa simu, na mafundi wamejaa Mtendeni.

Basi nakuahidi. Leo kabla ya magharibi nitaing'oa bluu. Ya njano nimeihifadhi, imo humuhumu kwenye kopo, nimeizungushia karatasi. Nitailehemu mbele yake, ashike taya za koleo kama ulivyokuwa unashika wewe, na akiimba nitamwambia anyamaze. Kesho watu wakimaliza kula tutauwasha uani, Mama auone. Kuupunga ataupunga yeye, kwa sababu anakuigiza vizuri na mimi siwezi. Ila swichi nitabonyeza mimi. Hapo usinitoe.

Kwaheri, Kaka Rama. Naomba huko uliko usihitaji sweta hata moja.

Nasikia makubazi ya Maganga kwenye korido. Mkono wangu umeshainua godoro, ni mazoea, kila ukurasa wa barua hii umelala chini yake. Nimelishusha. Karatasi hii naiacha mezani, iegemee kopo, maandishi yaelekee mlangoni. Ana macho mazuri, na Kiswahili anasoma. Ataona jina lake.

Anapiga hodi.

Zena